Kaomwa: Mzizi Mchungu wa Pwani ya Ruvuma

Nyumbani kwetu Likombe, hapa Mtwara, juu ya mlango wa jiko la uani, palikuwa na uzi wa ukindu uliotungwa vipande vya mviringo, rangi yake manjano iliyoingiwa na kijani, vyenye ganda la hudhurungi lililojikunja ukingoni na kibonde katikati, mfano wa sarafu kuukuu zilizolika kwa kupita katika mikono mingi; nami katika utoto wangu nilidhani kuwa ni shanga za mtu aliyekufa, kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kuvigusa ila bibi peke yake. Siku tumbo liliponisokota hata nikajikunja juu ya mkeka, bibi alisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akachomoa kipande kimoja, akakivunja, kikatoa mlio mkavu kama wa kijiti cha kuni. Hakukisaga. Alikipasua vipande vitatu vinne, akavitia katika kikombe cha bati, akamimina maji ya mtungini, akafunika kwa kawa, na nilipomwonyesha birika lililokuwa likitokota mafigani, akanizuia kwa mkono: "Liache hilo, mjukuu wangu. Ukitia maji ya moto utapata uji, hutapata dawa." Baadaye aliniinua kichwa, nikanywa, na uchungu ule, ambao hauanzi ncha ya ulimi bali hungoja mpaka umekwisha kumeza ndipo ukashika koo, sijausahau hata leo.

Dawa hiyo ni kaomwa, na wengine wameiandika kaumwa. Ni mmea wa misitu na vichaka vya pwani, upandao juu ya miti mingine, wenye majani makubwa ya manyoya yaliyogawanyika mfano wa vidole vya mkono, na chini ya ardhi una mzizi mkuu mnene utoao pande zote viazi virefu vilivyonona katikati na kuchongoka ncha. Wataalamu wa mimea huuita Jateorhiza palmata, jina ambalo neno lake la kwanza limeundwa kwa Kiyunani, maana yake mzizi wa tabibu, na la pili ni Kilatini, maana yake wenye umbo la kiganja. Huonekana tangu pwani ya Kenya hata Msumbiji, na kwa bara hufika Malawi. Lakini sifa yake ya biashara ilitoka pwani ya kusini, katika nchi iliyo baina ya mito ya Ruvuma na Zambezi, pamoja na kisiwa cha Ibo, ambako watu wa pande zote mbili za Ruvuma ni ndugu, na dawa za miti, ambazo Wamakonde huziita mitela, zilivuka kwa mtumbwi pamoja na chumvi na samaki mkavu.

Naandika habari za mzizi huu kwa sababu leo ni shida kupata mtaa wa Mtwara usiokuwa na mtu aliyeambiwa na daktari kuwa ana kisukari au shinikizo la damu, na barazani watu huulizana kama miti yetu ina lolote la kusema juu ya maradhi haya, kisha wengi huenda wakanunua vichupa na vidonge vya majani ya nchi za mbali kwa bei isiyokuwa na huruma, ilhali mzizi uliokuwa ukitundikwa juu ya majiko ya bibi zao ulikwisha kuzunguka dunia, ukaingia katika vitabu vya matabibu wa Ulaya, ukawapa wanakemia majina mapya ya vitu vyao, na ukasahauliwa kwao wenyewe.

Kazi ya kuuandaa ilikuwa na taratibu zake, na kwa bahati njema taratibu hizo ziliandikwa na wageni mwanzoni mwa karne ya 19, kama walivyozisikia kutoka Msumbiji. Mzizi mkuu hauguswi, kwa kuwa ni nyuzi tupu usio na faida kwa mnunuzi, na fauka ya hayo ndio uhai wa mti. Huchimbwa vile viazi vya pembeni tu, katika siku kavu, na taarifa hizo ziliutaja mwezi wa Machi. Vikishatoka hukatwa kwa upana, hutungwa uzini, hutundikwa vikauke. Na kipimo cha kuwa vimefaa kuuzwa ni kukivunja kimoja: kikivunjika mara moja kwa mlio, ni bidhaa. Kikiwa laini au cheusi, hakina thamani. Nilipoyasoma maneno haya kwa mara ya kwanza, mimi mtu mzima, nilimwona bibi yangu amesimama juu ya kinu chake, maana hakuwa amesoma kitabu chochote cha Kizungu, na ule mlio alioutega sikio ndio uleule uliotegwa na wachuuzi miaka mia na hamsini kabla yake.

Wareno, waliokuwa wameshika Kisiwa cha Msumbiji tangu karne ya 16, ndio walioujua mzizi huu kwa wenyeji, ambao waliutumia zaidi kwa maradhi ya tumbo, hasa kuhara damu, na katika karne ya 17 wakaanza kuupeleka nje. Mwaka 1671 Mtaliani Francesco Redi, tabibu wa watawala wa Toscana na mtu mwenye desturi ya kutoamini jambo mpaka amelijaribu, aliutaja katika kitabu chake juu ya vitu vilivyoletwa kutoka nchi za Mashariki, kuwa ni kinga ya sumu inayostahili kufanyiwa majaribio. Baada ya hapo ikapita karne nzima pasipo sauti kubwa, hata mwaka 1773, Thomas Percival, tabibu wa mji wa Manchester, alipoandika kwa kirefu juu ya manufaa yake katika kichefuchefu, kuhara na udhaifu wa tumbo, na tangu hapo maduka ya dawa ya Uingereza yakautafuta.

Lakini ulitoka wapi? Wafanyabiashara ama hawakujua, ama walijua wakanyamaza, kwani anayejua kisima si aghalabu kuwaonyesha wenzake. Jina la Kiafrika lilikuwa kalumba, nalo katika vinywa vya Wazungu likawa Colombo, na kwa kuwa bandari ya Colombo ilikuwa mashuhuri katika kisiwa cha Ceylon, watu wa Ulaya wakaamini kwa miaka mingi kuwa dawa hii ni ya huko. Hivyo ndivyo nchi ilivyonyang'anywa sifa ya mti wake kwa kufanana kwa silabi tatu tu, wala hapakutumika bunduki wala mkataba. Mwaka 1805 Mfaransa mmoja aitwaye Fortin alichukua mizizi mibichi kutoka Msumbiji akaifikisha Madras, ikapandwa, ikachipua, na kwa mmea ule ulio hai ndipo ikathibitika kuwa kalumba ni mwana wa Afrika. Katika miaka ya 1820 Kapteni Owen, aliyekuwa akipima pwani yetu kwa manowari za Kiingereza, alichukua mingine hadi Mauritius, na wachoraji wa mimea wakapata kuuchora kwa majani na maua yake. Maskini wale wa Madras waliotangulia! Mmea huu una wa kiume na wa kike mbalimbali, kama mpapai, na ule wa Madras ulikuwa dume peke yake, basi walikaa wakingoja tunda lisilokuja.

Katika zama hizo za Sayyid Said na wanawe, bidhaa za mwambao wote, tangu pembe na sandarusi hata mtama, ufuta na baadaye mpira wa msituni, zilikusanywa Unguja kwa majahazi, na kaomwa ilikuwa miongoni mwa vitu vidogo vilivyosafiri chini ya vikubwa, ikaenda Bombay na Ulaya. Mikindani, bandari ya jirani zetu, ilikuwa mojawapo ya milango ya biashara hiyo. Na haifai mwandishi kuupamba mlango huo, kwa kuwa ndio uliotoa vilevile watumwa waliotembezwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, na mikono iliyochimba na kubeba mizigo haikuwa huru yote. David Livingstone, ambaye mwaka 1861 na tena mwaka 1862 alikwisha kuujaribu mto Ruvuma kwa vyombo, alishukia ghuba ya Mikindani tarehe 24 Machi 1866 katika safari yake ya mwisho, na alipoelekea bara aliona mashimo ya wachimbaji sandarusi. Mwenzake wa safari ya Zambezi na ya Ruvuma ya 1862, John Kirk, alikuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja kwa miaka mingi, naye kwa kuwa alikuwa tabibu na mjuzi wa mimea alipeleka miche na mbegu za miti ya pwani hii katika bustani ya Kew, London. Pembe za ndovu zimeandikiwa vitabu na sandarusi imeandikiwa vitabu. Kaomwa imebaki katika mistari michache ya orodha za forodha na ya vitabu vya wauza dawa.

Vitabu hivyo vya wauza dawa, hata hivyo, vina jambo la kufurahisha moyo. Kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza kilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1864, kaomwa ilikuwamo, na maji yake yaliamriwa yatengenezwe kwa maji baridi. Sababu yake ni kwamba karibu theluthi moja ya mzizi ni wanga. Maji ya moto huuyeyusha wanga huo, dawa ikawa nzito kama uji na kuchacha upesi, bali maji baridi huuacha wanga mahali pake yakachukua uchungu peke yake. Wanafunzi wa dawa walifundishwa kudondoshea iodini juu ya kipande cha mzizi ili waione rangi ya samawati ya wanga. Walifundishwa pia kuwa kaomwa ni katika dawa chungu chache sana zisizokuwa na tanini, ile inayokaza ulimi katika chai na magome ya mikoko, na kwa ajili hiyo yaweza kuchanganywa na dawa za chuma kwa watu wenye upungufu wa damu bila ya kugeuka wino mweusi chupani. Maneno ya bibi juu ya uji na dawa, basi, yalikuwa na hoja iliyotimia, ila hayakuwa na mtu wa kuyaandika.

Sifa ikizidi, udanganyifu hufuata. Nchini Marekani iliuzwa mizizi ya mmea mwingine kabisa, Frasera, kwa jina la kolombo ya Kimarekani, na Ulaya walikamatwa watu waliotia rangi ya manjano mizizi mingine ili ifanane na yetu. Kisha, katika karne ya 20, dawa chungu za kuamsha tumbo zikaanza kupungua heshima, vidonge vya viwandani vikachukua nafasi yake, na mahitaji ya nje yakafifia. Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, wakafyeka misitu ya Nachingwea kwa matrekta, wakaanza kujenga reli na bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, kisha wakauacha mradi mwaka 1951, ulibaki mji ambao kabla yake haukuwapo na ardhi ambayo haikuwa tena msitu. Baada yake mikorosho ikaenea, ikatupatia fedha ya ada za shule na mabati ya nyumba, nami siilaumu mikorosho iliyonisomesha. Lakini mmea utambaao hauwezi kuishi pasipo mti wa kuupanda wala kivuli cha kuulinda, na vichaka vilivyobaki ni vichache.

Zamani, kabla sifa yake haijafifia, wanakemia walikuwa wakiupasua mzizi kwa namna yao. Mwaka 1830 Mjerumani Wittstock alitoa ndani yake fuwele nyeupe zilizo chungu mno, zikaitwa kolumbini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani mwingine, Feist, pamoja na wenzake, walibainisha kuwa ile rangi ya manjano inatokana na alkaloidi tatu ambazo hapo kabla zilidhaniwa kuwa kitu kimoja: kolumbamini, jatrorizini na palmatini. Naomba msomaji ayatazame majina haya. La kwanza limetoka katika kalumba; la pili katika Jateorhiza; la tatu katika palmata. Leo palmatini hutajwa katika maabara za Beijing na Seoul, hutolewa katika mimea mingi ya Asia, na aghalabu anayeitaja hajui kuwa kila anapofungua kinywa anautaja mtambaazi wa pwani ya Ruvuma.

Alkaloidi hizo ni ndugu wa tumbo moja na berberini, alkaloidi ya manjano ya mimea mingine, na hapa ndipo habari za kale zinapokutana na maradhi ya sasa. Kisukari, yaani ugonjwa wa kukojoa mno na kiu isiyokatika, si mgeni katika vitabu vya tibabu; Ibn Sina aliutaja katika Kanuni yake, na wazee wetu walikuwa wakitazama kama sisimizi wanakusanyika penye mkojo wa mgonjwa. Ila ulikuwa nadra. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa London mwaka 1989 uliona kisukari kwa watu wasiotimia mmoja katika kila mia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, uliona zaidi ya 9 katika kila mia. Hesabu mbili hizi hazikupimwa kwa kipimo kimoja wala kwa watu wa umri mmoja, basi si haki kuzitoa moja katika nyingine, lakini mtu aliyekaa Mtwara miaka arobaini hahitaji hesabu ili ajue kuwa sembe nyeupe, soda na kukaa kitako vimechukua mahali pa mtama, madafu na mwendo wa miguu.

Nini hutokea ndani ya mwili? Waganga wa zamani wangesema mizaji imeharibika, joto limezidi pasipo mahali pake. Na ajabu ni kwamba sayansi ya siku hizi, kwa njia ndefu, imefika karibu na usemi huo. Mwaka 1876 tabibu wa Göttingen, Ebstein, aliona kuwa dawa za ukoo wa aspirini, ambazo asili yake ni gome la mti wa Ulaya na ambazo hutumiwa kutuliza uvimbe na homa, hupunguza sukari katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari, wala hapana aliyejua kwa nini. Mwaka 1993 Hotamisligil na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa mafuta ya wanyama walionenepa kupita kiasi hutoa kemikali zilezile ambazo mwili hutoa unapopambana na jeraha au vijidudu. Maana yake ni kwamba kitambi hakikai kimya: kinawaka chini kwa chini, kama pumba za mpunga zilizomwagwa pembeni mwa kiwanja, zisizo na ndimi za moto wala moshi mwingi, bali ukizitia mkono ndani zinaunguza. Mwako huo huzifanya chembe za mwili zisiisikie insulini, ambayo ni ufunguo wa kuingizia sukari. Ufunguo upo, ila kufuli limeshikwa na kutu, kama makufuli yetu ya pwani yashikwavyo na upepo wa chumvi.

Mtu asidhani kuwa kutafuta dawa ya jambo hili katika mimea ni ujinga wa watu wasiokwenda shule. Metformini, kidonge anachopewa kwanza mgonjwa wa kisukari katika hospitali nyingi, kina babu yake katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa tangu zamani na watu wa mashambani. Kitu chake cha nguvu, galegini, kilikuwa na sumu, lakini kiliwaongoza wanakemia kuunda vitu vya jamii yake vilivyo salama zaidi, metformini ikaundwa mwaka 1922, na mwaka 1957 tabibu wa Paris, Jean Sterne, akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Na huko China, ambako berberini ya mzizi wa huanglian hutumiwa kwa kuhara, matabibu walieleza mwaka 1988 kuwa wagonjwa wa kisukari waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya tumbo walishuka sukari. Mwaka 2008 likachapishwa jaribio la watu 36 waliogunduliwa kisukari karibuni, wakagawanywa, wengine wakapewa berberini na wengine metformini, nusu gramu mara tatu kwa siku kwa muda wa miezi mitatu. Na katika waliopewa berberini, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kadhaa kilishuka kutoka 9.5 hadi 7.5 kwa mia, karibu sawa na wenzao.

Jambo la kuzingatia lipo katika tumbo. Berberini hainywewi ikaingia damuni kwa wingi. Sehemu iliyo kubwa mno hubaki katika matumbo, hukutana na viumbe vidogo wakaao humo, na wataalamu wengi sasa wanaona kuwa kazi yake kubwa huanzia hapo. Watu wa Ruvuma waliutumia mzizi wao kwa tumbo. Watu wa China waliutumia wao kwa tumbo. Sidai kuwa bibi yangu alijua habari za insulini. Nasema tu kuwa mlango alioubisha haukuwa wa pembeni.

Kutoka hapo hadi kusema kuwa kaomwa ni dawa ya kisukari kuna mto, nao hauvukwi kwa kuruka. Palmatini na jatrorizini zimepunguza sukari katika panya, na palmatini imetuliza dalili za mwako katika maabara, lakini panya ni panya, na berberini iliyojaribiwa kwa watu ni ndugu wa alkaloidi zetu, si zenyewe. Uchungu wa mzizi una vitu vingi pamoja, na kiasi kikubwa chaweza kudhuru. Berberini yenyewe hukatazwa kwa wajawazito na watoto wachanga, na mtu anayekunywa vidonge vya sukari kisha akaongeza mizizi kwa kukadiria aweza kuanguka kwa sukari kushuka mno. Jirani yetu mmoja, mtu mwema aliyenifundisha kushona jarife, aliviacha vidonge akakaa na jagi la mizizi mwaka mzima, na kidonda cha kidole kikala mguu. Nilipomwuliza kwa nini hakumweleza daktari kuwa anatumia miti, aliniambia kuwa aliwahi kusema, katika kituo kimoja cha tiba, akakemewa mbele za watu kama mtoto, tangu siku hiyo akawa anafika na kuitikia kila jambo, kisha anarudi kwenye jagi lake. Nimelia kwa mguu ule, na hata leo siwezi kusema lawama yote ilikuwa yake.

Kukemea huko kuna historia yake. Chini ya Sheria ya Uchawi ya 1928 mwenye kutibu kwa miti alifanya kazi kwa hofu ya kuchanganywa na mchawi, na hofu hiyo ilikaa katika nyumba nyingi muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa. Ni mwaka 1974 ndipo kilipoanzishwa, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Muhimbili, kitengo cha utafiti wa dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kilifanywa taasisi kamili; na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, iliyompa mganga mahali pa kujiandikisha na jina lisilo la aibu. Hayo ni mambo makubwa, nami nawashukuru waliohangaika kwayo. Laiti mtafiti mmoja angepanda basi hadi Mtwara, akavuka Msangamkuu au kushuka hadi Kilambo, akaketi na wazee waliobaki, akapima katika mzani kipande cha bibi kilikuwa na uzito gani, maji yalikuwa kiasi gani, na yalikaa saa ngapi! Maana hicho ndicho kiasi ambacho watu wamekinywa vizazi kwa vizazi, na kipimo cha namna hiyo panya hawezi kukitoa.

Mwaka juzi nilimfuata mzee mmoja katika vichaka vilivyo njia ya Ruvuma. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza haja yangu, akanitazama mikono kwanza kabla ya uso, kisha akachukua kijembe kifupi kilichochakaa hata kikabaki upana wa vidole vitatu. Tulitembea mpaka penye mti mmoja mkubwa uliosahauliwa na wafyekaji, na juu yake ulikuwa umepanda mmea wenye majani ya kiganja, mengine yakianza kugeuka manjano. Hakuchimba shinani. Alipiga magoti hatua moja mbali, akapapasa udongo kwa vidole kama apapasaye yai chini ya kuku, akafukua taratibu mpaka kiazi kikatokea, urefu wa kiganja na nusu, ganda lake lina mikunjo kama shingo ya kobe. Akakikata kwa pigo moja, na pale kilipokatika palikuwa manjano kama nyuzi za zafarani. Akatafuta cha pili upande wa pili wa mti, akakikata. Nilikiona cha tatu, kinene kuliko vyote, nikamwonyesha.

"Hicho cha mwenyewe," akasema, akaurudisha udongo juu yake, akaushindilia kwa kisigino, akavuta majani makavu akafunika, tukaondoka.

Vipande vyangu nilivikata siku ileile, nikavitunga uzini, nikavitundika juu ya mlango wa jiko. Kila asubuhi kwa muda wa majuma mawili nilikuwa nikichomoa kimoja kukijaribu, nacho kikipinda. Juma la tatu, upepo wa kusi ulipokwisha kushika, kikavunjika.